Ukoko kutoka Jiko la Chini

Ungemwona Heriberto Maldonado amejilaza kwenye kiti cha sitaha ya juu, kofia ya ukindu usoni, glasi ya juisi ya nanasi pembeni, ungesema mzee huyu mambo yake yamemnyookea. Miaka thelathini na minne amepanda nguzo za umeme kule milimani Utuado, mvua yake, jua lake, na sasa kalala juu ya bahari ya Karibi hana hata kinachomkimbiza. Ungesema hivyo na ungekosea vibaya. Mzee hakuwa amelala. Chini ya ile kofia midomo yake ilikuwa ikicheza, anairudia sentensi moja kama mtoto anayekwenda kusikilizwa katekisimu.

Sentensi yenyewe ilikuwa na maneno matatu tu: Dumu nilichukua mimi.

Mkewe Nereida naye hakuwa amepumzika, ila yeye hata kujifanya hakujifanya. Tangu Jumapili walipoondoka San Juan alikuwa akiizunguka meli kama askari wa zamu. Asubuhi yuko ukumbi wa chai, mchana yuko kwenye meza ndefu za vyakula, jioni kasimama karibu na ile milango ya kusukuma ambayo wahudumu huingilia na kutokea, anachungulia kila inapofunguka. Alivaa sketi yake ya kanisani kila siku. Alisema hataki mtu amkute na kaptura.

"Bwana Beto!" aliita Chago, mwalimu mstaafu wa Arecibo aliyekuja na seti yake ya domino, na ambaye tangu siku ya kwanza alikuwa ameteka meza moja kivulini akaifanya kijiwe. "Mkeo kakukimbia tena? Leo tu nimemkuta mara nne mlangoni kwa wapishi. Hiyo ni njaa au kuna mpishi anayemvizia?"

Wenzake wakacheka. Heriberto akainua kofia, akacheka nao kidogo, maana afanyeje?

"Muache," alisema. "Huko anatafuta wali wa kueleweka. Huu wa hapa anasema ni wa wagonjwa."

"Hapo kasema kweli! Wali hauna ukoko, huo ni wali gani? Unapikwa kwa mvuke kwenye matrei, utadhani wanafukiza nguo. Njoo ucheze bwana, acha uvivu."

Hakwenda. Alirudisha kofia usoni, akaanza tena.

Mwenye kuwapandisha meli hii alikuwa jirani yao Carmín, mwanamke asiyeweza kukaa na neno mdomoni hata kwa muda wa kuvua viatu. Desemba iliyopita alirudi kutoka safari kama hii, meli hii hii, akaja moja kwa moja kwao na sanduku lake mkononi. "Nere, kaa chini kwanza. Nimemwona Yadiel wako. Kavaa nguo nyeupe za upishi, anatoka mlangoni na trei ya mikate. Nikaita, Yadiel! Akageuka. Akanitazama hivi, halafu akarudi ndani na mikate yake. Sasa kama si yeye, aligeukia nini?"

Miaka saba walikuwa hawajasikia hata kikohozi cha mtoto wao wa pekee. Nereida hakulia mbele ya Carmín. Alikwenda jikoni akazima jiko, akavaa viatu, akashuka mjini kukata tiketi mbili za meli ile. Heriberto alimfuata hadi kituo cha basi akiwa na ndara, moyo unamdunda, hajui ni furaha au ni hofu. Hadi leo juu ya hii sitaha alikuwa bado hajui.

Mambo yalianzia kwenye kile kimbunga. Kilipopita, milima yote ilibaki kahawia, hakuna jani, hakuna umeme, na umeme haukurudi kwa miezi minane. Mama mzazi wa Nereida, bibi Providencia, alikuwa akiishi nao na mashine ya oksijeni kitandani, na mashine ilikula jenereta, na jenereta ilikula petroli, na petroli ilikuwa foleni ya saa sita hadi nane. Foleni hiyo ilikuwa kazi ya Yadiel. Heriberto alikuwa akiondoka alfajiri na gari la shirika la umeme kwenda kukata miti na kusimamisha nguzo, kuwawashia taa watu wasiomjua.

"Umejaza?" alimuuliza mwanawe usiku mmoja.

"Nimejaza, Baba. Dumu liko chini ya ngazi."

Kesho yake saa saba mchana jenereta ilikohoa ikazima. Yadiel alikwenda chini ya ngazi, hakukuwa na dumu. Akatafuta nyumba nzima, akatafuta kwa jirani, akakimbilia foleni na chombo cha kuazima. Aliporudi, bibi alikuwa ameshakufa mikononi mwa Nereida.

Wakasoma rozari siku tisa kama ilivyo desturi. Siku ya tisa, nyumba imejaa watu, kahawa inapitishwa, Heriberto alisimama. Alikuwa amechoka, hajalala vizuri kwa wiki mbili, na uchungu ulikuwa umemkaba. Akamnyooshea mwanawe kidole mbele ya kijiji kizima. "Uliniambia umejaza. Ulinidanganya. Bibi yako kafa kwa uongo wako."

"Nilijaza, Baba," alisema Yadiel. Kisha akatazama chini, na waliokuwa karibu walimsikia akinong'ona, "Nadhani nilijaza."

Kesho yake kitanda chake kilikuwa kimetandikwa na hakuwepo.

Siku kumi na mbili baadaye Heriberto alikuwa akisafisha nyuma ya gari la kazini. Chini ya kamba na mikanda ya kupandia nguzo akalikuta dumu jekundu, limebaki nusu. Hapo ndipo alipokumbuka. Alfajiri ile, gizani, alikuwa amekusanya vyote vilivyokuwa chini ya ngazi akavitupa garini, misumeno, kamba, na lile dumu, akidhani ni la kazini. Alikaa pembeni ya barabara mpaka miguu ikafa ganzi. Simu ya Yadiel wakati ule ilikuwa bado inaita, maana Nereida alikuwa akiipiga kila jioni. Heriberto hakupiga. Alikwenda ziwani Caonillas, akalijaza dumu mawe, akalizamisha. Baada ya wiki tatu simu ile ikaacha kuita.

Hilo ndilo alilolibeba. Hakuna aliyelijua, si padri, si mkewe.

Meli ilikwenda kwa raha zake. Jumatatu walifika San Tomas, hawakushuka. Jumanne San Martín, hawakushuka. Wenzao walirudi na manukato na mabega mekundu, wao walikuwa palepale, mmoja kitini, mmoja mlangoni. Kila mhudumu aliyepita, Nereida alimshika mkono kwa adabu. "Mwanangu, unamjua kijana wa jikoni anaitwa Yadiel? Mrefu, ana kovu hapa kwenye nyusi?" Nao walijibu kwa adabu, wengine kwa Kihispania, wengine kwa ishara tu, kwamba jikoni kuna watu wengi, kwamba wapishi wa chini hawaruhusiwi kupanda kwa abiria, kwamba samahani mama. Chumbani walikuta taulo limekunjwa likawa tembo, kesho yake kobe. Nereida aliyapanga juu ya kabati na kukataa yafunguliwe.

Jumatano Heriberto alipiga moyo konde. Walikuwa wamekaa kwenye lile bwawa dogo la maji ya moto, wawili peke yao, watu wote wameshuka Santa Lucía. Mvuke unapanda, milima miwili iliyochongoka inaonekana mbali, na Nereida kwa mara ya kwanza kakubali kuvaa nguo za kuogelea. Alionekana mdogo ndani ya maji. Heriberto alimpenda sana saa ile, akaona sasa ndiyo saa yenyewe. Amwambie mke kwanza, halafu mtoto.

"Nere. Kuna kitu nataka nikwambie. Kuhusu siku ile ya mama."

"Ngoja nianze mimi," alisema Nereida, macho kwenye maji. "Maana kinanila miaka yote. Siku ya tisa, ulipomsema mtoto, mimi nilinyamaza. Nilikaa na rozari yangu mkononi kama sanamu. Unajua kwa nini? Na mimi niliamini. Nilimtazama mwanangu nikasema moyoni, ndiyo, umemuua mama yangu. Alikuwa anangoja niseme neno moja, Beto. Aliniangalia."

"Usijitese."

"Sijitesi, nasema tu. Wakati mwingine nawaza, je kama alijaza kweli? Kama kuna mwizi alipita akachukua? Nikimjua mtu huyo..." Alicheka, kicheko kisicho na furaha hata chembe. "Hata ungekuwa wewe, Beto. Ningekutoa wewe nyumbani, si yeye. Mzee wangu, haya, sema ulichotaka kusema."

Heriberto aliyatazama maji yakichemka mapajani mwake.

"Nilitaka kusema ulikuwa mlezi mzuri kwa mama yako," alisema.

Akampapasa shavu. Akajichukia kiasi kwamba alitamani ile milima imwangukie, na haikumwangukia.

Jioni ile, Nereida akiwa kanisani, maana meli ina hata kijikanisa, alichukua karatasi ya meli kutoka droo ya chumbani akaandika: Dumu nilichukua mimi. Hukusema uongo. Baba yako. Akaikunja mara nne, akaiweka mfuko wa shati, upande wa moyo. Kama mdomo umeshindwa, karatasi haina haya. Alihesabu kuwa siku atakapopatikana mtu wa kuipeleka, ataitoa tu, ataondoka, hatahitaji hata kuutazama uso wa mtu.

Mtu alipatikana. Mezani kwao alikuwa akiwahudumia Osmán, kijana wa Honduras mwenye meno ya mbele yaliyoachana na mzaha mwingi. Kila usiku aliwauliza, "Leo tunakula au tunaonja, wazee wangu?" Alhamisi Nereida alipomuuliza lile swali lake kwa mara ya kumi, Osmán hakutania. Alimwaga maji nje ya glasi. Alisema hajui, akayafuta, akaenda zake, na usiku mzima hakurudi mezani ila kwa lazima.

"Anajua," alinong'ona Nereida, kucha zake zimezama kwenye mkono wa mumewe. "Umeona? Anajua!"

"Nimeona."

"Yumo humu ndani. Anapumua hewa hii hii. Mungu wangu, yuko chini ya miguu yetu!" Akavua kiatu kimoja chini ya meza, akaweka unyayo wake sakafuni.

Ijumaa Barbados, hawakushuka. Nereida alichana nywele mara tatu. Jumamosi ilikuwa siku nzima ya bahari, siku ya mwisho. Kina Chago walifanya fainali ya domino kwa kelele zilizosikika hadi bwawani, wakapiga ngoma, wakacheza, wakamvuta Heriberto kwa nguvu katikati, naye akayumbayumba kidogo kuwaridhisha. Mkono wake mmoja ulikuwa juu ya mfuko wa shati muda wote. Chago akamwambia anacheza kama mtu anayeficha mchumba mfukoni.

Chakula cha jioni kililiwa mapema, jua bado lipo kwenye madirisha. Watu walikuwa wakipiga picha na wahudumu. Nereida hakugusa samaki wake. Ilipofika zamu ya vitamu, Osmán hakuja na vitamu. Alikuja na sahani moja ndogo iliyofunikwa na kitambaa, akaiweka mbele ya Nereida, akakiondoa.

Ulikuwa ukoko. Ukoko wa wali wa mbaazi, wa kahawia inayong'aa mafuta, umebanduliwa mzima mzima kama kipande cha chungu, na juu yake kipande cha jani la mgomba lililobabuka pembeni. Harufu yake ilipanda mara moja. Hakuna mtu duniani aliyekuwa akifunika wali kwa jani la mgomba na kuuacha uungue kwa kiasi kile isipokuwa bibi Providencia, na bibi Providencia alimfundisha mtu mmoja tu, mjukuu wake, akiwa amesimama juu ya kigoda kufikia sufuria.

Nereida alijiziba mdomo kwa mikono yote miwili.

"Aliomba sufuria ya kawaida," alisema Osmán kwa sauti ya chini, kainama kama anayepokea oda. "Mkuu wetu alimgombeza, kwamba tunapikia watu elfu tatu, sufuria ya nini? Kapikia kwenye zamu yake ya kupumzika. Mama, mimi nimetumwa, msinikasirikie."

"Mlete," alisema Nereida. "Mlete mwanangu. Dakika moja tu."

"Hataki, mama. Nimemsihi tangu Jumapili. Aliwaona siku ile mnapanda, yuko chini anapokea magunia. Anasema hana uso wa kuwatazama. Kanituma nikwambie hivi. Anasema, mama anisamehe kwa ajili ya bibi. Anasema kila siku anajaribu kukumbuka kama alijaza lile dumu au hakujaza, na siku hizi ameshakubali kwamba hakujaza. Ni hayo tu. Na msimtafute tena, anasema, ni vibaya kwa afya yenu."

Nereida alilia hapo hapo, mbele ya samaki na mishumaa, bila kujificha. Watu wa meza ya jirani waligeukia dirisha kwa heshima.

"Mwambie mimi nilimsamehe siku ile ile," alisema akihangaika kupata pumzi. "Mwambie mimi ndiye wa kuomba msamaha, nilinyamaza. Mwambie kitanda chake kipo." Kisha akamgeukia mumewe na kumshika kola. "Beto, sema. Wewe ndiye uliyemtamkia mbele za watu. Mimi maneno yangu hayatoshi. Anakungoja wewe."

Osmán alimtazama Heriberto. Alikuwa kasimama na trei tupu kifuani, anangoja, kijana mwema asiyejua anangojea nini.

Heriberto aliinua mkono hadi mfukoni. Aliigusa karatasi. Ilikuwa imelowa jasho la siku tatu. Sentensi ilikuwepo, yote, maneno yake matatu, haikupotea hata silabi moja. Ilimpasa kutoa vidole viwili tu na kitu katikati yake. Akamwona Nereida, macho mekundu, uso umewaka tumaini kwa mara ya kwanza katika miaka saba, na mkono wake kwenye kola yake. Akauona mkono ule ukitoka pale kwenye kola na usirudi tena maishani. Akaiona nyumba ya Utuado ina mtu mmoja.

"Mwambie," alisema, na sauti ilitoka tulivu kuliko alivyotarajia, "mwambie baba yake amemsamehe."

Alisikia maneno hayo masikioni mwake mwenyewe. Akangoja kitu kitokee, meli iende mrama, Mungu aseme lolote. Muziki uliendelea.

"Mungu akubariki, mzee wangu," alisema Nereida, akaushika mkono wake akaubusu. "Mungu akubariki. Najua lilikuwa gumu kwako."

Osmán aliinamisha kichwa, akaondoka haraka, analengwalengwa na machozi. Nereida akauvunja ukoko kwa mgongo wa kijiko kama alivyozoea nyumbani, vipande viwili, na kama nyumbani kikubwa akampa mumewe. Heriberto alikula. Ulikatika menoni kwa ile sauti yake, mtamu, una moshi wa jani, una chumvi barabara kama ya marehemu. Alikula wote, hadi mabaki kwenye sahani, kwa sababu mkewe alikuwa akimtazama.

Asubuhi meli ilikuwa imefungwa gatini San Juan, ngome ya kijivu upande mmoja, foleni ya masanduku upande mwingine. Chago alipita akiwapungia, akipiga kelele kwamba mwaka ujao, Beto, ujifunze kupumzika. Nereida alibeba tembo wa taulo kwapani, kaomba ruhusa aondoke naye. Alikuwa akitazama vidirisha vya duara vya chini, vilivyo karibu na maji, na kila alipokipita kimoja alikipungia.

Karibu na ngazi ya kushukia walimkuta Osmán anawangoja, kavaa aproni, kaiba dakika kazini.

"Nilimfikishia," alisema. "Alikaa chini kwenye sakafu ya jiko, akalia, sijawahi kumwona hivyo. Kwako, mama, hakusema neno, ila alilala na kile kitambaa cha sahani ulichofutia machozi, nilimpelekea." Akamgeukia Heriberto, akavua kofia yake. "Kwako wewe, baba, kanituma kitu kimoja. Anasema asante."

"Unaona?" alisema Nereida. Akamkumbatia mumewe kifuani, juu ya mfuko wa shati, hadi karatasi ikakwaruza. "Unaona, Beto? Umemponya."

Nyuma yao watu walikuwa wakisukuma, wanataka kushuka. Heriberto akachukua masanduku yote mawili, maana Nereida alikuwa na yule tembo, akamwambia aangalie ngazi, ina maji.